Kiongozi aliyetoka jeshini: anatuletea nini?



Safari hii tunaanza na swali tuliloulizwa katika mkutano. Katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani tunayoitembelea, prezidenti wa kamati alikuwa ameondolewa kwa sababu ya mafuta ya kupikia. Bidoni zilizoingia depo na bidoni zilizogawanywa hazikulingana, naye hakuweza kueleza. Siku ya kumtafuta mwingine, vijana walimtaja baba mmoja wa makamo, askari wa zamani aliyeweka chini silaha miaka mingi iliyopita. Watu wote kambini wanamwita Ajida. "Huyu ndiye atanyoosha mambo," walisema. Hapo mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni, akauliza: "Sisi tulikimbia watu wa bunduki. Leo tumpe mtu wa bunduki daftari la unga wetu?"

Watu walinyamaza. Wengine waligeuka kututazama sisi, kana kwamba jibu liko mfukoni mwetu. Halikuwamo. Tuliomba mkutano usubiri juma moja, tukaenda kusoma na kuuliza. Makala hii inaeleza tuliyoyapata, na yaliyotokea baadaye.

Swali hili si la kambi moja

Mwaka 2004 serikali ya nchi yetu ilianza mpango wa taifa wa kuwanyang'anya silaha wapiganaji na kuwarudisha katika maisha ya kiraia, ule uliojulikana kama PN-DDR. Mwaka 2021 ukaundwa mpango mwingine, P-DDRCS. Kuna waliopitia mipango hiyo, na kuna walioacha bunduki porini wakarudi nyumbani kwa miguu bila karatasi yoyote. Leo wako katikati yetu. Wengine wanaongoza koperative za wakulima, wengine vyama vya wamotari, wengine kamati za maji. Kwa hiyo swali la yule mama linagonga milango mingi: mtu aliyepitia jeshini, akipewa uongozi wa raia, anakuja na nini?

Wako watu waliochunguza swali hili kwa hesabu na kwa miaka mingi, lakini hawakulichunguza kambini. Walilichunguza Marekani, kwa wakurugenzi wa kampuni kubwa. Msomaji anaweza kusema: kampuni za Marekani zinatuhusu nini sisi tunaolala chini ya shitingi? Zinatuhusu kwa jambo moja. Mkurugenzi wa kampuni, sawa na prezidenti wa kamati, anashika mali isiyo yake kwa niaba ya watu wasiomwona kila saa. Kwake na kwetu, swali la kwanza ni lile lile: akiwa peke yake na funguo za depo, atafanya nini?

Uchunguzi ulionyesha nini?

Marekani ilipigana Vita Kuu ya Pili, kisha vita vya Korea, kisha vita vya Vietnam. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, mpaka 1973, sheria iliwalazimisha vijana wa kiume kuingia jeshini walipoitwa. Kwa hiyo kizazi kizima cha watu waliokuja kuwa wakubwa wa kampuni kilikuwa kimevaa sare kwanza.

Wataalamu wawili wa uchumi, Efraim Benmelech na Carola Frydman, walifuatilia wakurugenzi wakuu wa kampuni kubwa za nchi hiyo, wakatoa matokeo yao mwaka 2015. Waliona kwamba mwaka 1980 wakurugenzi 59 kati ya 100 walikuwa wamepitia jeshini. Kufika mwaka 2006 walibaki 6 tu kati ya 100. Tunaweza kuelewa kwa nini: sheria ya kulazimisha ilikuwa imekwisha, na wazee wa vita walikuwa wakistaafu mmoja mmoja.

Walipolinganisha wakurugenzi waliopitia jeshini na wale ambao hawakupitia, waliona tofauti tatu.

Kwanza, waliopitia jeshini walikuwa waangalifu zaidi na pesa. Waliwekeza kidogo kuliko wenzao, hawakukimbilia miradi mipya.

Pili, ilikuwa nadra zaidi kwao kuingia katika udanganyifu, kama vile kupika hesabu ili kampuni ionekane tajiri kuliko ilivyo.

Tatu, wakati biashara nzima ilipoanguka, na kampuni zote za kazi moja zikaumia pamoja, kampuni zao zilivumilia vizuri zaidi.

Ndugu msomaji, usiruke haraka ukasema: basi tumchague askari. Uchunguzi wa namna hii unazungumza juu ya watu wengi wakiwekwa pamoja. Hausemi kitu juu ya mtu mmoja aliyesimama mbele yako. Kati ya waliotoka jeshini walikuwapo wadanganyifu, na kati ya wasiowahi kuvaa sare walikuwapo waaminifu kabisa. Tena uangalifu nao una bei yake: kiongozi anayeogopa kila jambo jipya anaweza kuacha nafasi nzuri ipite. Hata hivyo matokeo hayo yanatufungua macho. Kumbe kuna jambo jeshi linaloweza kuacha ndani ya mtu, likabaki miaka mingi baada ya sare kuvuliwa. Tuangalie ni jambo gani.

Desturi tatu zinazobaki

Desturi ya kwanza: mkubwa anakula mwisho. Katika kikosi cha askari wa majini wa Marekani, wale wanaoitwa Marines, kuna mazoea ya zamani: chakula kikifika, askari wa cheo cha chini wanapanga mstari mbele, na maofisa wanasimama nyuma. Kama sufuria inaisha, inaisha kwa mkubwa. Hakuna hotuba inayofundisha vizuri kuliko hiyo.

Frederick Smith alikuwa ofisa wa kikosi hicho katika vita vya Vietnam. Aliporudi alianzisha mwaka 1971 kampuni ya kusafirisha vifurushi kwa ndege, Federal Express, ambayo leo inajulikana duniani kwa jina la FedEx, naye akaiongoza kwa miongo mingi. Alifariki mwaka 2025. Mara nyingi alieleza kwamba mambo ya uongozi aliyafunza kwa Marines, hasa namna ya kuishi na watu wa kawaida wanaofanya kazi ngumu. Kampuni yake ilipanga wajibu wake kwa maneno matatu, kwa utaratibu huu: watu, huduma, faida. Faida iko mwisho wa mstari, kama yule ofisa na sahani yake.

Tena waliweka njia ya malalamiko. Mfanyakazi aliyeona ameonewa na mkubwa wake aliweza kupeleka shauri lake ngazi kwa ngazi, mpaka kwa wakubwa wa juu kabisa wa kampuni. Jambo hili tulishike vizuri, tutarudi kwake. Mtu aliyezoea amri alikubali kwamba aliye chini anaweza kumshitaki aliye juu, na njia ya kufanya hivyo ikawekwa wazi.

Desturi ya pili: kujibu kwa ajili ya kundi. Katika jeshi lenye nidhamu, kikosi kikikosea, ofisa hasemi "ni wale vijana". Anasema "ni mimi". Mfano unaojulikana sana katika biashara ni ule wa kampuni ya dawa Johnson & Johnson. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, mtu asiyejulikana alitia sumu ndani ya vidonge vya dawa ya maumivu iitwayo Tylenol, vikiwa tayari madukani. Watu 7 walikufa. Mkubwa wa kampuni alikuwa James Burke, ambaye katika ujana wake alihudumu katika jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kosa halikutoka kiwandani kwao. Wangeweza kukaa kimya na kuwaachia polisi. Badala yake waliwaonya watu wasimeze dawa hiyo, wakarudisha chupa karibu milioni 31 kutoka nchi nzima, hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Baadaye waliirudisha dawa sokoni ikiwa na mfuniko uliofungwa kwa namna ambayo mnunuzi anaona mara moja kama umeguswa.

Hatusemi kwamba jeshi peke yake ndilo lililomfanya Burke atende hivyo. Kampuni ilikuwa tayari na maandishi ya wajibu wake, yaliyoandikwa mwaka 1943 na mkubwa wake wa wakati ule, Robert Wood Johnson, ambaye naye alipata cheo cha jenerali katika miaka ile ya vita. Katika maandishi hayo wagonjwa, akina mama na wote wanaotumia dawa wametajwa kwanza. Wenye hisa wametajwa mwisho. Kwa hiyo, siku ya hatari ilipofika, palikuwa na mtu aliyekuwa tayari kujibu, na palikuwa pia na sheria iliyoandikwa miaka 39 kabla, iliyomwambia nani anatangulia. Mtu mwema bila sheria, au sheria bila mtu wa kuishika, vingetosha? Sisi tunafikiri hapana.

Desturi ya tatu: kukaa chini baada ya kazi na kuulizana. Katika miaka ya 1970 jeshi la nchi kavu la Marekani lilianza kuimarisha mazoea ya kukutana baada ya kila zoezi. Wanajiuliza maswali manne. Tulipanga kufanya nini? Ni nini kilichotokea kweli? Kwa nini kuna tofauti? Mara nyingine tutafanya nini? Katika kikao hicho cheo kinawekwa pembeni, na askari mdogo ana ruhusa ya kusema kwamba komanda alikosea. Kampuni nyingi ziliona faida yake zikaichukua desturi hiyo. Haina gharama. Inahitaji mti wenye kivuli na kiongozi asiyekasirika.

Upande wa pili: amri na hesabu

Tungekuwa waongo kama tungeishia hapo. Jeshi linaweza pia kumwachia mtu mazoea yanayoumiza raia.

Robert McNamara alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mtu wa hesabu. Mwaka 1943 aliingia jeshini, akawa katika kundi la maofisa waliotumia takwimu kupanga kazi ya ndege za vita. Baada ya vita, mwaka 1946, yeye na wenzake tisa wa kundi hilo waliingia pamoja katika kampuni ya magari ya Ford. Kampuni ilikuwa na fujo ya mahesabu, nao waliinyoosha. Mwaka 1960 McNamara akawa prezidenti wa Ford. Mpaka hapo ni habari njema.

Mwaka uliofuata akawa waziri wa ulinzi wa Marekani, akabaki mpaka 1968, katika miaka ambayo vita vya Vietnam vilizidi kupamba moto. Alitaka kupima vita jinsi alivyopima magari. Maofisa walihesabu maadui waliouawa, wakapeleka namba juu. Namba zilisema ushindi unakaribia. Lakini namba hazikusema watu wa vijijini walikuwa wanafikiri nini, na maofisa waliojua kwamba mkubwa anapenda namba kubwa walimpelekea namba kubwa. Mwaka 1995, akiwa mzee, McNamara alitoa kitabu ambamo alikubali kwamba yeye na wenzake walikosea vibaya katika vita hivyo.

Tunajifunza nini? Kiongozi anayeogopwa haletewi ukweli. Anaweza kuwa na akili nyingi, daftari safi na mikono isiyoiba, na bado akawaongoza watu wake shimoni, kwa sababu hakuna anayethubutu kumwambia: "Mkubwa, si hivyo." Kambini tunaona jambo hili kwa udogo wake. Orodha inasema familia 400 zimepokea maharagi. Orodha ni ya kweli. Lakini haisemi kwamba wazee wasioweza kusimama kwenye mstari walimlipa kijana sehemu ya posho yao ili awabebee, wala kwamba mjane mmoja aliuza jetoni yake kabla ya siku ya ugawaji kwa sababu mtoto alikuwa na malaria. Atakayesema hayo ni mtu asiyeogopa kusema.

Jeshi si moja

Hapa tunafika mahali ambapo mfano wa Marekani na maisha yetu yanaachana. Lazima tuwe wazi.

Wakurugenzi wale walitumikia jeshi la dola. Walifunzwa, walilishwa, walilipwa mshahara. Kulikuwa na sheria ya kijeshi na mahakama ya kuwahukumu. Wakamaliza muda wao wakatoka kwa heshima, wengi wakaenda shuleni. Bunduki ilikuwa sehemu fupi ya maisha yao.

Kwetu, wengi waliobeba silaha hawakupitia njia hiyo. Wengine waliingia kwenye vikundi wakiwa watoto, wakachukuliwa njiani au shambani. Wengine waliingia ili kulinda kijiji chao, kisha kikundi kikageuka kuwa mzigo wa kijiji kile kile. Kulikuwa na makomanda ambao hawakula mwisho. Walikula kwanza, tena chakula cha raia. Mtu aliyelelewa hivyo alijifunza uongozi pia, lakini alijifunza somo lingine: mwenye nguvu hajibu swali.

Kwa hiyo hatuwezi kuchukua hesabu za kampuni za Marekani tukazibandika kwenye kambi yetu. Tunachoweza kuchukua ni swali lililo chini yake. Haitoshi kuuliza: "Alikuwa askari?" Tuulize: "Huko alikokuwa alizoea nini? Kula mwisho au kula kwanza? Kujibu au kutisha? Na hapa kwetu, ni nani atakayemwuliza akikosea?"

Yaliyotokea kambini

Baada ya juma moja tulirudi tukaeleza haya yote, kwa maneno machache kuliko tulivyoandika hapa. Ajida mwenyewe alikuwapo. Hatukumhoji mbele ya watu juu ya vita alivyopigana, na tunawaomba viongozi wengine wasifanye hivyo. Kumwuliza mtu hadharani aliua nani kunaweza kufungua kidonda chake na vya wengine, hata kuleta kisasi. Wazee wawili na mama mmoja walizungumza naye kwa faragha. Waliuliza jambo moja lisilo na mjadala: je, bado una silaha, au bado unapokea amri ya kundi lolote? Kambi ya wakimbizi wa ndani ni mahali pa raia. Mwenye silaha, au mwenye komanda nje, hawezi kuwa katika kamati, hata awe mwema namna gani, kwa sababu anaifanya kambi yote kuwa shabaha. Ajida alijibu hapana, na watu wa kijiji chake wakathibitisha.

Alichaguliwa. Yule mama mwenye mtoto mgongoni hakumpigia kura, lakini alikubali kuingia katika kamati kuwa mmoja wa wanawake wanaohesabu magunia.

Mwezi wa kwanza watu walifurahi. Daftari la depo lilikuwa safi, kila gunia na namba yake. Ugawaji ulianza kwa saa iliyotangazwa. Familia ya Ajida ilipokea ya mwisho kabisa, na siku moja maharagi yalipopungua, nyumba yake ndiyo iliyokosa. Jambo hilo lilizunguka kambi nzima kabla ya jua kuzama.

Mwezi wa pili tukasikia jambo lingine. Waliochelewa kwenye mstari walikuwa wakipigishwa magoti juani. Kijana mmoja aliyejibu vibaya alibebeshwa mawe mpaka kwenye kisima. Watu walinong'ona tu, hakuna aliyelalamika wazi, kwa sababu daftari lilikuwa safi na waliogopa kumpoteza mtu aliyemaliza wizi. Mama yule ndiye aliyesema. Hakusema kwa kelele. Alisema katika kikao cha maswali manne, ambacho kamati ilikuwa imekubali kukifanya baada ya kila ugawaji. Kwenye swali la pili, "ni nini kilichotokea kweli?", alisema: "Baba Ajida, unga ulifika wote. Lakini mtoto wa jirani yangu alipiga magoti mpaka akatapika. Hicho nacho kilitokea."

Ajida alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Mimi nilifunzwa hivyo. Njia nyingine ya kupanga watu siijui." Hakukasirika, wala hakuondoka. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo saa alipoonyesha uongozi, kuliko siku ile ya maharagi.

Kamati ilifikia masikilizano haya. Adhabu ya mwili ikakatazwa kabisa, na hilo likaandikwa. Wanawake wawili na kijana mmoja wakapewa kazi ya kupanga mstari, na wazee, wagonjwa na wajawazito wakawekewa saa yao. Ajida aliomba mwenyewe aachie uprezidenti, abaki na depo. Kijana aliyebebeshwa mawe aliombwa msamaha mbele ya baba yake. Hatuwezi kusema kwamba amesamehe. Bado hapiti karibu na depo. Lakini bidoni zinalingana, na watu wanasema wanachokiona.

Mambo ya kushika kwa kamati zenu

Kutokana na tuliyosoma na tuliyoona, tunapendekeza mambo matano kwa kamati yoyote inayofikiria kumpa uongozi mtu aliyetoka jeshini au katika kikundi cha silaha. Kwa kweli yanamfaa kiongozi yeyote.

1. Hakikisheni kwanza kwamba ni raia kamili: hana silaha, hana komanda. Ulizeni kwa faragha na kwa heshima.

2. Andikeni sheria za kamati kabla ya kumchagua mtu, na zisomwe mbele ya wote. Sheria ikiandikwa baada ya ugomvi, kila mtu ataona imeandikwa dhidi yake.

3. Gawanyeni kazi. Mwenye funguo za depo asiwe peke yake mwenye daftari, na wote wawili wasiwe ndio wanaopokea malalamiko. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani zinasema pia kwamba juhudi za pekee zifanywe ili wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa misaada. Wao ndio wanaojua sufuria ina nini.

4. Wekeni njia ya malalamiko inayompita kiongozi: mtu au sanduku ambalo yeye hana ufunguo wake.

5. Kaeni kwa maswali manne baada ya kila ugawaji. Anayeanza kusema awe mdogo, mkubwa aseme mwisho. Mkubwa akianza, wengine watarudia maneno yake.

Tena tunawakumbusha ndugu zetu waliotoka vitani, wanaume na wanawake, kwamba makala hii haikuandikwa kuwatia alama. Mnajua mambo ambayo wengi wetu hatuyajui: kuamka mapema, kuhesabu, kuvumilia, kutomwacha mwenzako njiani. Jamii inayahitaji. Inachowaomba ni kukubali kuulizwa na mtu asiye na cheo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Katika kamati yenu, nani anapokea posho kwanza, na nani mwisho? Watu wengine wa kambi wanajua?

Mara ya mwisho mtu wa kawaida alimwambia kiongozi wenu "ulikosea" ilikuwa lini? Alipata nini baada ya kusema?

Kama kiongozi wenu ni mwaminifu na mali lakini anawadhalilisha watu, mtafanya nini? Kuna kazi anayoweza kubaki nayo?

Vijana wetu wanaposema wanataka "mtu wa kunyoosha mambo", wanamaanisha nini? Kuna njia gani za kunyoosha mambo bila kumpigisha mtu magoti?

Mkikaa kwa maswali haya, mwachieni mtu mmoja aandike majibu, na mtupatie tutakapowatembelea. Tutafurahi kusikia hata pale ambapo hamkuafikiana. Amani iwe nanyi.